Niliyojifunza Nikitafsiri Kiingereza cha Mahakamani

Pasipoti ya Uingereza ina ukurasa unaoomba mwenye nayo aachwe apite "without let or hindrance". Maneno hayohayo yamo kwenye pasipoti za nchi kadhaa zilizowahi kutawaliwa na Waingereza. Kila aliyesoma Kiingereza shuleni anajua kwamba "let" ni kuruhusu, kwa hiyo ukitafsiri ulivyofundishwa utapata "bila ruhusa wala kizuizi", maneno yasiyosimama pamoja. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vilivyokaribiana kwa sauti: "lætan", yaani kuacha au kuruhusu, na "lettan", yaani kuzuia au kuchelewesha. Matamshi yakaungana, yakabaki maumbo yanayofanana yenye maana zinazopingana, na hatimaye ile ya kuzuia ikafa midomoni mwa watu. Imesalia mahali pachache tu: kwenye pasipoti, kwenye hati za kisheria, na uwanjani kwenye tenisi, pale mpira wa kuanzia unapogusa wavu na mwamuzi akatamka "let". Maneno mawili ya pasipoti yanasema jambo moja: mtu huyu asizuiwe.

Naanza na neno hilo kwa sababu linaonyesha upesi mtego wa kazi ninayoifanya. Neno geni kama "messuage" halidhuru mtu. Unaliona, unasimama, unafungua kamusi, unakuta ni nyumba pamoja na ua na mabanda yake, unaendelea. Linalokuangusha ni neno unalolijua tangu darasa la tatu, ambalo mwaka hati ilipoandikwa lilikuwa na maana nyingine.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Mwaka 2021 Tanzania iliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mawakili wakaanza kutafuta watu wa kuwatafsiria vielelezo, na jirani yangu ambaye ni karani wa wakili akanitaja. Nilianza na mikataba ya upangaji na hati za viapo. Kisha ikaja familia moja ya Tanga na sanduku la karatasi za babu yao, aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge: barua za miaka ya 1930, hati ya rehani, na wosia wa mwaka 1954 ulioandikwa na wakili Mwingereza. Nikapanga bei kwa ukurasa, kama nilivyozoea kwenye mikataba ya upangaji. Bei ile ilinitafuna. Kuna ukurasa wa wosia ule ulionila karibu wiki nzima, na kwa kuwa tulishakubaliana, muda wote wa ziada ukawa wa bure. Nililipia kamusi ya mtandaoni kwa fedha za kigeni, ada ya mtoto ikachelewa, na mke wangu akasema aliyoyasema kwa haki. Anayetaka kuingia kwenye kazi hii ayajue hayo mapema.

Barua ndizo zilizoanza kunifunza. Karani wa zamani wa Kiingereza hakuandika jina la mwezi pale alipoweza kulikwepa. Aliandika "your letter of the 14th instant", au kwa kifupi "14th inst.". Kijana aliyekuwa akinisaidia aliandika "barua yako ya papo hapo ya tarehe 14", na ukitazama kamusi ya kisasa huwezi kumlaumu. Katika barua za zamani "instant" ni mwezi huu tulio nao, "ultimo" au "ult." ni mwezi uliopita, na "proximo" au "prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 3 Machi ikitaja "the 28th ult." inasema tarehe 28 Februari. Kwa familia ile jambo hili lilikuwa na uzito, kwa sababu walikuwa wanabishana kama babu alikubali deni fulani kabla au baada ya kutia sahihi hati ya rehani. Mwezi mmoja ulikuwa unageuza kesi.

Nikiwa katikati ya karatasi hizo, wakili mmoja wa Mombasa akanitumia ilani ya mwenye nyumba iliyotaja "distress". Kenya ina sheria inayoitwa Distress for Rent Act, sura ya 293. Mtu akisoma jina hilo kwa Kiingereza cha leo atadhani ni sheria ya kuwafariji wapangaji waliochoshwa na kodi. Kinyume chake, "distress" hapa ni haki ya mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji ili alipwe kodi ya pango inayodaiwa. Chimbuko ni Kilatini "distringere", kubana au kukaza. Likapitia Kifaransa, na huko njiani likagawanyika: tawi moja likaenda kwenye moyo uliobanwa, tawi jingine likaenda kwenye mdaiwa anayebanwa mpaka alipe. Hata dhiki yetu kwa asili ya Kiarabu ni ufinyu, mahali pa kubana. Nikaandika "ukamataji wa mali kwa ajili ya kodi ya pango", nikamweleza wakili kwa nini.

Hapo ndipo nilipokwenda kumwona wakili mmoja mstaafu, mzee aliyesoma sheria enzi ambazo vitabu vyote vilitoka London. Baada ya shikamoo na chai nikamwonyesha orodha yangu ya maneno yaliyonishinda. Akaipitia taratibu, kisha akasema, "Mwalimu, wewe unauliza neno maana yake nini. Uliza kwanza limetoka kwa nani, na lilikuja mwaka gani." Akanieleza historia ambayo sikuwahi kuifundisha wala kufundishwa.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliivamia Uingereza wakaitwaa. Baada ya hapo, kwa karne kadhaa, wakubwa walizungumza Kifaransa, kumbukumbu za mahakama zikaandikwa kwa Kilatini, na mkulima aliyeshtakiwa kwa wizi akasimama kizimbani akisikiliza watu wakijadili uhai wake kwa lugha asiyoijua. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu, ilisema sheria hiyo, Kifaransa hakijulikani sana katika ufalme na watu hawaelewi yanayosemwa kwa ajili yao au dhidi yao. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mawakili hawakuacha Kifaransa chao. Waliendelea nacho kwenye vitabu na kwenye madaftari yao. Mwaka 1650, mfalme akiwa ameshakatwa kichwa, watawala wapya waliamuru vitabu vyote vya sheria vigeuzwe Kiingereza. Ufalme uliporudi mwaka 1660 amri hiyo ikafutwa. Mahakama za Uingereza zilibanwa kabisa kutumia Kiingereza peke yake kuanzia Machi 1733.

Habari hizi zilinigusa kuliko nilivyotarajia. Nilikua nikiamini kwamba Kiingereza cha mahakamani ni kigumu kwangu kwa sababu mimi si Mwingereza. Sikujua kwamba mfinyanzi wa Kent na mchunga kondoo wa Yorkshire walisimama mbele ya hakimu wakiwa wageni vilevile, tena nchini mwao, na kwamba kutoka sheria ya kwanza hadi ya mwisho ilipita zaidi ya miaka 370. Nikiyasikia malalamiko kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sheria, nakumbuka kwamba maneno hayo yalisemwa pia juu ya Kiingereza, na waliosema hivyo walikuwa mawakili wa Kiingereza.

Kifaransa chenyewe kilikuwa kimechakaa mno kufikia mwisho. Kuna kumbukumbu mashuhuri ya kesi ya Salisbury mwaka 1631: mfungwa aliyehukumiwa alimtupia hakimu kipande cha tofali, na mwandishi akaandika kwamba "ject un brickbat a le dit Justice, que narrowly mist". Mfungwa alitupa tofali kwa Kifaransa, tofali likamkosa hakimu kwa Kiingereza. Habari yenyewe ni ya kutisha, maana yule mtu alikatwa mkono wa kuume ukapigiliwa kwenye mti wa kunyongea, kisha naye akanyongwa papo hapo mbele ya mahakama. Lakini angalia ile sentensi. Anayekaa kwenye mahakama zetu na kusikia wakili akianza kwa Kiingereza na kumalizia kwa Kiswahili ataitambua mara moja.

Mabaki ya lugha hiyo ndiyo yaliyokuwa yakinisumbua mezani. "Mortgage" ni Kifaransa cha zamani, "mort gage", dhamana mfu. Mwanasheria Edward Coke, akiandika mwaka 1628, alieleza kwamba mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake. Akilipa, dhamana imekufa kwa mkopeshaji. Kwetu neno rehani linatosha, tena halimtishi mtu kwa kifo. "Attorney" ni mtu aliyeteuliwa, aliyegeukiwa na mwenzake asimame mahali pake, ndiyo maana hati ya kumpa mtu madaraka ya kukuwakilisha hutaja "attorney" hata kama aliyeteuliwa ni shangazi yako asiyewahi kuingia chuo cha sheria. Ukiandika "wakili" bila kufikiri, msomaji wa Kiswahili atamtafuta mtu wa joho.

"Culprit" lina kisa kirefu kidogo. Leo ni mkosaji. Maelezo yanayokubalika kwenye kamusi kubwa ni kwamba mshtakiwa aliposema hana hatia, karani wa upande wa mfalme alijibu kwa Kifaransa kwamba ana hatia na kwamba wao wako tayari kuthibitisha mashtaka. Kwenye daftari jibu hilo lilifupishwa kuwa "cul. prit". Baadaye, watu wasiojua tena Kifaransa wakalisoma kana kwamba ni jina la kumwitia mtu aliyesimama kizimbani. Linaonekana hivyo kwenye kesi ya mauaji ya mwaka 1678. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za karne ya 17 na ya 18, anayeitwa "culprit" bado hajahukumiwa. Mwandikie "mshtakiwa". Ukimwita mkosaji umeshamtia hatiani kabla ya hakimu.

Neno lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa "indenture". Hati ya rehani ya babu yule ilianza kwa "This Indenture", na niliandika "mkataba" nikapita. Mzee akanirudisha. Ndani ya neno hilo mna jino, kwa Kilatini "dens". Zamani, watu wawili wakipatana, mapatano yaliandikwa mara mbili kwenye kipande kimoja cha ngozi, kisha ngozi ikakatwa katikati kwa mstari wa kupindapinda kama meno ya msumeno. Kila mmoja alichukua nusu yake. Siku ya ugomvi, nusu mbili ziliunganishwa: meno yakiingiana, hati ni ya kweli, yasipoingiana, mmoja ameghushi. Kufuli na ufunguo wake vimo katika hati yenyewe, na hata asiyejua kusoma angeweza kuhakiki. Jina likabaki miaka mingi baada ya watu kuacha kukata meno. Liliwafuata hata Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901, kwani mikataba ya kazi ya namna yao ndiyo iliyoitwa "indenture".

Sasa linganisha na "deed poll", ambayo Watanzania na Wakenya wengi wanaifahamu kwa sababu ndiyo hati wanayoagizwa kuandika wanapobadili jina. Zamani "poll" lilikuwa kichwa cha mtu. Ndiyo maana "poll tax" ya wakoloni babu zetu waliiita kodi ya kichwa, na hawakukosea hata kidogo. Kutoka kichwani neno likawa kitenzi cha kukata nywele zikawa sawasawa, na kutoka hapo likahamia kwenye ngozi iliyokatwa ukingo ulionyooka, bila meno. Hati ya mtu mmoja haihitaji meno, kwa kuwa hakuna mwenzake wa kulinganisha naye. Anayebadili jina anautangazia ulimwengu peke yake. Tangu nilipoyajua haya sijawahi tena kuchanganya hati ya pande mbili na tamko la upande mmoja, kosa ninaloliona sana kwenye tafsiri za wenzangu, na ambalo linaweza kumfanya karani wa ardhi aulize mtu wa pili yuko wapi.

Halafu kuna maneno pacha: "will and testament", "goods and chattels", "fit and proper", "breaking and entering". Jozi nyingi zina neno moja la Kiingereza asilia na jingine la Kifaransa au Kilatini, na inasemwa mara nyingi kwamba mawakili waliyapanga hivyo ili pande zote mbili zielewe. Hiyo ni sehemu ya sababu. Waingereza walipenda kusema kwa jozi hata kabla ya Wanormani, kwa mdundo tu, kama sisi tunavyosema mila na desturi. Swali la mtafsiri ni kama sheria inatofautisha maneno hayo mawili. Isipotofautisha, mimi naweka neno moja la Kiswahili: "wosia", basi, "mali zinazohamishika", basi. Mzee wangu hakubaliani nami hadi leo. Anasema wakili wa upande wa pili atauliza neno la pili limekwenda wapi, naye ameona kesi zikicheleweshwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Tulifika mahali pa kukubaliana: neno moja kwenye matini, na pale linapotokea kwa mara ya kwanza, dokezo la mtafsiri linaloeleza kwamba maneno ni mawili na maana ni moja.

Katika "chattels" nilikutana na jambo lililonifanya nimpigie simu mzee usiku. "Chattel" ya mali, "cattle" ya ng'ombe na "capital" ya mtaji ni neno moja la Kilatini lililoingia Kiingereza kwa milango mitatu tofauti, nalo limetoka kwenye "caput", kichwa. Mtaji ni kichwa cha mali. Nasi tunasema rasilimali, kutoka Kiarabu: "ras" ni kichwa, "mal" ni mali. "Nilikuwa nikijiuliza utaligundua lini," mzee akaniambia.

Kazi yote hiyo ilikuja kuthibitika kwenye wosia. Kifungu kimoja kilisema kwamba mwana wa kwanza akifa "without issue", "his moiety" iende kwa mdogo wake babu aliyeandika wosia. Familia tayari ilikuwa na tafsiri iliyofanywa kwa haraka na mtu mwingine, nayo ilisema: mwanangu akifa bila tatizo, sehemu yake iende kwa ndugu yangu. Yule mwana alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa uzeeni, hana deni wala ugomvi na mtu. Kwa hiyo ukoo wa mdogo wake babu ulidai kwamba amekufa bila tatizo, sharti limetimia, mali ni yao. Marehemu alikuwa ameacha binti mmoja, naye kwa miaka alikuwa anaambiwa kwamba babu yake mwenyewe alimwandika nje.

"Issue" katika sheria ya zamani, na hata leo kwenye hati za mirathi, ni uzao. Ni Kifaransa cha zamani cha kutoka nje, kile kinachotoka kwa mtu. "Without issue" ni bila kuacha mtoto wala mjukuu. "Moiety" ni nusu kamili, kutoka neno la Kilatini la katikati. Binti alikuwepo, kwa hiyo sharti halikutimia, na nusu ile haikuwa na sababu ya kuhama. Nilipomsomea binti huyo kifungu kwa Kiswahili chake, hakushangilia. Aliuliza kama nina hakika, nikamwonyesha mifano ya neno hilo kwenye kamusi, mwaka kwa mwaka. Akasema, "Kwa hiyo babu hakuniacha." Nilishindwa kumjibu upesi. Neno moja lenye herufi tano lilikuwa limemkalia shingoni muda wote huo.

Hapo pia nilijifunza mpaka wangu. Kama mtoto wa nje ya ndoa anahesabiwa katika "issue" ya wosia wa mwaka 1954 ni swali la sheria, na jibu lake si langu. Mimi naandika "uzao", wakili anabishana. Mtafsiri anayeanza kuamua mirathi ameacha kazi yake.

Maneno ya hali ya mtu nayo yanahitaji macho. "Spinster" kwenye vyeti vya ndoa vya zamani ni mwanamke ambaye hajaolewa. Mwanzoni alikuwa msokota nyuzi, na tangu karne ya 17 likawa cheo cha kisheria. Uingereza ililiondoa kwenye rejesta zake za ndoa mwaka 2005. "Relict" ni mjane, aliyeachwa nyuma na marehemu. Msiandike "masalia", kama nilivyowahi kuona mahali fulani.

Vipimo nitavipita haraka. "Rod", "pole" na "perch" ni kipimo kimoja chenye majina matatu, futi 16 na nusu. Hati ya shamba ya Uingereza ikiandika tarakimu tatu chini ya herufi A, R na P, hizo ni eka, "rood" ambayo ni robo eka, na "perch" za mraba, 160 katika eka moja. "Fathom" ni futi sita, na asili yake ni mikono miwili iliyonyooshwa, yaani pima yetu ya wavuvi na wauza nguo bila kupunguza wala kuongeza.

Shule bora niliyoipata kwa Kiingereza cha kale ilikuwa ya bure, na ilikuwa rafuni kwangu. Weka Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James, kando ya Biblia yetu ya Union Version, usome mstari kwa mstari. Utakuta "suffer the little children", na Kiswahili kinasema "Waacheni", ndipo unajua kwamba "suffer" ilikuwa kuruhusu. Utakuta Paulo akisema walio hai hawata-"prevent" waliolala, na Kiswahili kinasema "hatutawatangulia", kwa sababu neno hilo lilikuwa kwenda mbele kabla ya kuwa kuzuia. "The quick and the dead" ni walio hai na waliokufa. Na kwenye Mambo ya Walawi sura ya pili, "meat offering" haina nyama hata chembe: ni sadaka ya unga, kwa kuwa "meat" ilikuwa chakula chochote. Waliotafsiri Biblia yetu walishazivuka hatari hizi zote. Kwa mwezi mmoja hivi wa kusoma jioni utapata msingi ambao darasani haupatikani.

Kwa kamusi, kubwa kuliko zote ni ile ya Oxford. Ilitoka kwa vipande kuanzia mwaka 1884 hadi 1928, na mhariri wake mkuu James Murray alifariki mwaka 1915 kabla haijakamilika. Nguvu yake ni kwamba kila maana imewekewa sentensi halisi zenye miaka yake. Usisome maana ya kwanza ukakimbia. Angalia mwaka wa hati yako, kisha tafuta maana iliyokuwa hai mwaka huo. Toleo jipya linalipiwa, lakini mabuku ya toleo la kwanza yamepigwa picha na yanapatikana bure kwenye intaneti, na kwa maneno ya kale yanatosha kabisa. Ningelijua hilo mapema, ada ya mtoto ingelipwa kwa wakati. Kwa Kiingereza cha enzi za kati, Chuo Kikuu cha Michigan kina kamusi yake nzima mtandaoni bila malipo. Kwa sheria, tafuta toleo la mwaka 1891 la kamusi ya Henry Campbell Black, nalo ni la bure. Ukikutana na "witnesseth", usihangaike: "-eth" ni kiambishi cha zamani cha nafsi ya tatu, na maana ni "inashuhudia" tu. Na "ye" ya maandishi ya kale mara nyingi ni "the", kwa sababu herufi ya kale ya sauti ya "th" iliandikwa ikafanana na y.

Jihadhari na hadithi tamu. Mtu mmoja aliwahi kunisisitizia kwamba "posh", yaani -a kifahari, ni herufi za kwanza za tiketi za meli za kwenda India, za matajiri waliokaa upande wa kivuli kwenda na kurudi. Haijapatikana tiketi hata moja yenye herufi hizo, na kamusi kubwa zinalikataa dai hilo. Neno la kale likielezwa kwako kuwa ni kifupisho cha herufi za kwanza, litilie shaka, kwa sababu maneno ya namna hiyo yalikuwa haba sana kabla ya karne ya 20.

Siku hizi kabla ya kutaja bei naomba kuona kurasa zote. Nazitenga za kabla ya uhuru, natoza kwa muda na si kwa ukurasa, na naandika kwenye makubaliano kwamba madokezo ya mtafsiri ni sehemu ya kazi na hayafutwi bila kuniuliza. Wateja wengine huondoka wakisikia hivyo. Wanaobaki ni wale wenye karatasi ambazo mtu anaweza kukosa nyumba kwa ajili yake, nao hawalalamikii bei.

Kila dokezo naliandika kwa mpangilio mmoja: neno lenyewe kama lilivyo kwenye hati, mwaka wa hati, maana niliyoichagua, na maana ya leo niliyoikataa. Mistari minne inatosha. Wakili akiulizwa mahakamani, anasoma tu.